Saburi bin Nani

Siku wazee wa kina Faruku walipoleta posa Buhembe, Safina na mama yake walikuwa jikoni tangu alfajiri wakimenya ndizi na kuchambua mchele. Safina alikuwa na miaka ishirini na saba, mwalimu wa hesabu wa sekondari. Faruku alikuwa mhandisi wa maji, na walikuwa wamechumbiana mwaka wa pili sasa. Hakuna aliyetarajia tatizo. Familia zote mbili ni Waislamu wa Bukoba mjini, wanaswali msikiti mmoja, wanazikana. Mgeni alikuwa mmoja tu: Mzee Twaha, baba mkubwa wa Faruku, aliyekuja kutoka Dar es Salaam kuwa msemaji. Ndiye aliyemlea na kumsomesha Faruku baada ya baba yake kufariki, na katika ukoo ule neno lake halikupingwa.

Mzee Twaha alikula vizuri. Alikula pilau, akala ndizi na nyama, akarudia sato. Alipokaribia kumaliza aliomba binti mwenyewe ndiye alete maji ya kunawa. Safina akaingia na birika na beseni, amejitanda vizuri, macho chini. Mzee alikuwa bado ananyonya mfupa. Mafuta yalikuwa yamemtiririka mpaka kwenye mkanda wa saa.

"Yunus Ramadhani Saburi," alisema, akimtazama baba yake Safina. "Huyu Saburi ni nani?"

"Ni babu yangu, mzaa baba," Yunus alijibu. "Amezikwa Nshamba, kule Muleba. Ndiyo asili yetu."

"Saburi bin nani?"

Yunus akacheka kidogo. "Hapo umenishika, mzee wangu. Sisi tumemjua kwa hilo hilo, Saburi."

"Saburi basi." Mzee Twaha akauweka mfupa pembeni, akawageukia wazee wawili wa Bukoba aliokuja nao. "Mmesikia?" Kisha akasema polepole, kwa sauti ya daktari anayemweleza mgonjwa ugonjwa wake. "Majina haya pwani tunayajua. Saburi, Feruzi, Mabruki. Zamani mtu hakumpa mwanawe jina kama hilo. Alimpa mtu aliyemnunua. Ndiyo maana halina bin. Sisi kwetu tunahesabu mababu tisa mpaka Hadhramauti, na kila mmoja ana baba yake."

Safina alikuwa amepiga magoti mbele ya mzee, birika mkononi. Mzee akanyoosha mikono akanawa, na alipomaliza, kwa vidole vilevile vyenye maji ya mafuta, akamshika Safina kifundo cha mkono. Akakigeuza juu, akakigeuza chini, akamwangalia pua na kipaji cha uso.

"Mashaallah," alisema. "Kwa sura, hata hivyo, hakuna neno."

"Asante," alisema Yunus.

Safina alikuwa hajayaelewa yote maneno ya mzee, lakini asante ya baba yake aliielewa. Alitoka na beseni, akayamwaga yale maji nyuma ya nyumba, akakisugua kifundo cha mkono kwa sabuni ya kipande na dodoki mpaka ngozi ikamuuma.

Posa haikukataliwa. Ilikubaliwa kwa sharti, na sharti lililetwa na Faruku mwenyewe siku ya tatu, akiwa ameegesha gari lake jeupe nje ya geti la shule.

"Ni kitu kidogo tu," alisema. "Kwenye kadi, na kwenye cheti cha ndoa, uandikwe Safina Yunus Abdallah. Baba Mkubwa anasema Abdallah halina ubishi. Ndugu wote wa Dar watakuwepo, na ukumbi mzima utakuwa unasoma zile kadi."

"Abdallah maana yake mtumwa wa Mungu," alisema Safina.

"Enhee. Jina zuri."

"Kwa hiyo mtumwa si neno baya. Tatizo ni alikuwa wa nani."

Faruku alicheka akamgusa shavu. "Wewe na hesabu zako. Mimi jina lako halinisumbui hata kidogo, unajua hivyo. Nataka tu tumalize na wazee, tuishi."

Safina alimpenda. Alijiambia kuwa ni kweli, ni kitu kidogo. Siku mbili zilizofuata alikaa ofisi ya walimu akijaribu saini mpya nyuma ya daftari la mahudhurio: S. Y. Abdallah, S. Y. Abdallah, A kubwa yenye mkia. Aliiandika zaidi ya mara thelathini, na akaiona imependeza. Baadaye alipolifungua daftari na kuukuta ukurasa ule, aliuchana vipande vipande, akavipeleka chooni, akamwaga maji, akasimama pale mpaka cha mwisho kikazama.

Nyumbani alimwuliza mama yake. Mama yake aliitwa Zuena, lakini alizaliwa Kaagya katika familia ya Kikatoliki, akabatizwa Edvina. Alisilimu alipoolewa na Yunus.

"Mimi nilibadilisha, na sikufa," alisema mama yake, akiendelea kukata mboga. "Wiki ya kwanza mtu akiita Zuena, nilikuwa nageuka kuangalia ni nani. Baadaye unazoea."

"Ulichagua mwenyewe?"

"Alichagua mama mkwe. Lakini nilikubali, sikulazimishwa." Akasogeza pembeni mboga zilizokatwa. "Na baba yangu aliendelea kuwa Anatory mpaka anakufa. Hakuna aliyemgusa yeye."

Aliposema hivyo alikiweka kisu chini, kama vile ndiyo kwanza amesikia alichokisema.

Ijumaa ya wiki ile Safina alipita dukani kwa baba yake. Yunus aliuza mabati, misumari na rangi, na juu ya mlango palikuwa na maandishi makubwa ya kijani: SABURI NA WANAWE. Hapo ndipo Safina alipojifunzia kusoma. Baba yake alikuwa akimbeba mabegani akamwambia aguse herufi moja moja. Siku hiyo alimkuta fundi juu ya ngazi na kikwangulio. Alikuwa amekwisha kukwangua neno la kwanza, amebakiza NA WANAWE. Maganda ya rangi ya kijani yalikuwa yametapakaa kizingitini, na wateja walikuwa wakiyakanyaga wakiingia na kutoka.

"Baba, hiki ni nini?"

"Rangi imechakaa," alisema Yunus. Hakumwangalia. "Wageni watapita hapa."

"Utaandika nini?"

"Nitaona."

Safina akamtazama baba yake akiokota ganda lililomganda kwenye soli ya kiatu, akilibandua kwa ukucha, akilipangusa kwenye suruali. Alihisi anamwona mtu mwingine, mdogo, mwenye jasho, ambaye yeye Safina hampendi. Hisia hiyo ilimwogopesha. Kesho yake asubuhi alipanda gari la Muleba akaenda Nshamba kwa shangazi yake.

Shangazi Hairati alikuwa dada mkubwa wa Yunus, mwenye umri wa miaka sabini na saba, mjane, anayeishi kwenye kibanja cha ukoo na mguu wake mmoja usiokunjika. Alimpokea Safina kwa kahawa ya kutafuna ndani ya kikapu kidogo, akamkalisha kwenye mkeka, akauliza habari za Bukoba. Safina akamweleza yote, tangu mfupa mpaka kikwangulio.

"Kwa hiyo ni kweli?" akauliza mwishoni. "Alikuwa mtumwa?"

"Ndiyo," alisema shangazi. Alisema hivyo kama mtu anayeulizwa kama mvua imenyesha. "Baba yako hakumwona, alizaliwa yule mzee amekwisha kufa. Mimi nilimwona. Nilikuwa na miaka kumi na minne alipokufa, nikimletea maji ya kunawa kila asubuhi. Alinieleza mwenyewe."

Akaeleza. Saburi alichukuliwa akiwa mtoto wa miaka mitano au sita, huko ng'ambo ya ziwa Tanganyika, kijiji hakukijua. Alibadilishwa kwa nguo Tabora. Mfanyabiashara aliyemchukua alikuwa na msafara wa kuja huku, na njiani yule mtoto alilia. Alilia siku nyingi, wakati wa kutembea na wakati wa kula. Wapagazi wakamchukia. Siku moja akaacha kulia, hakulia tena. Yule bwana akafurahi, akasema, huyu sasa ataitwa Saburi.

"Ndiyo maana ya jina letu?" Safina aliuliza. "Mtoto aliyeacha kulia?"

"Ndiyo maana yake."

Safina alikuwa na punje ya kahawa mdomoni. Aliitema kiganjani. Maisha yake yote watu walikuwa wakimwambia ana jina zuri, jina la subira, la mtu mwenye imani. Mkuu wake wa shule alipenda kulitaja akiwatania walimu wenye hasira. Sasa alimwona mtu mzima ameketi juu ya punda au kwenye kiti cha kukunja, amechoshwa na kelele, anamtazama mtoto aliyekauka machozi na anaona jambo la kusifia.

"La kwanza liliitwaje? Alilopewa na mama yake?"

"Nilimwuliza. Alisema limempotea. Alikumbuka tu kwamba lilikuwa fupi, na kwamba mama yake alikuwa akilivuta mwisho alipomwita kutoka mbali." Shangazi akaunyoosha mguu wake mzima. "Yule bwana wake alikufa kwa homa hapo Bukoba, wakati wa Wajerumani. Saburi akabaki. Akabeba mizigo, akajifunza cherehani kwa Mhindi, akawa anashona kanzu. Mkungu mmoja, chifu mdogo wa Ihangiro, akazipenda kanzu zake, akampa hiki kibanja tulichokalia. Akaoa Mhaya. Babu yako Ramadhani alipozaliwa, mzee alisema yeye atampa jina mtu ambaye hakumnunua. Akafurahi siku nzima, walisema. Akachinja."

"Nataka kwenda kaburini," alisema Safina.

Shangazi hakuinuka. Alikitazama kikapu cha kahawa.

"Kaburi lipo," alisema. "Jiwe halipo."

Jiwe lilikuwa kibao cha saruji ambacho Ramadhani alikimimina mwenyewe, akaandika kwa msumari saruji ikiwa mbichi: SABURI 1961. Jumanne iliyopita shangazi alikuwa msibani Kamachumu. Aliporudi alikikuta kichwa cha kaburi kimefukuliwa na kibao kimeondoka. Jirani yake, Restituta, ndiye aliyeshuhudia.

"Alimwona baba yako," alisema shangazi. "Na kijana mrefu mwenye gari jeupe. Ndiye aliyekuwa na mtaimbo."

Gari jeupe. Jumanne jioni Faruku alimpigia Safina simu, akamwambia alikuwa saiti kutwa, mikono imemtoka malengelenge. Safina akamwambia pole. Akamwambia apake mafuta ya nazi.

"Wamekipeleka wapi?"

"Mimi siwezi kukitoa, mwanangu. Na sikutaka kuita watu. Wangeuliza nani amefanya, ningewaambia nini?"

Kilikuwa kwenye shimo la taka, nyuma ya zizi. Safina alilisikia harufu kabla ya kuliona. Maganda ya ndizi ya majuma mengi yalikuwa yameoza yakawa uji mweusi, juu yake samadi, majivu, matumbo ya kuku, na maji ya mvua yaliyosimama. Kona moja ya saruji ilichomoza. Alivua viatu, akakunja sketi, akaingia. Uji ulimfika magotini, ulikuwa na uvuguvugu. Nzi walimpanda mdomoni. Alikishika kibao kikamteleza, akakishika tena, na ndipo alipoona kwamba ndani ya herufi, katika mfereji wa S na tumbo la B, funza walikuwa wamejipanga wakipumua pamoja.

Hakulia. Alikivuta mpaka ukingoni, na shangazi yake, pamoja na mguu ule, akapiga goti moja akakikamata kwa juu. Wakakiburuta hadi kwenye nyasi. Wakakisafisha kwa maji ya ndoo sita na ufagio wa ndani. Shangazi alizitoa uchafu herufi moja moja kwa kijiti, akinung'unika Kihaya, na Safina alisikia neno moja tu likirudiwa: "Waitu, waitu," kama anayemwomba radhi mtu mwenye heshima.

Jioni aliporudi Bukoba, Faruku alikuwa akimsubiri stendi. Safina alikuwa amenawa mara tatu, lakini alipoingia garini Faruku aliteremsha kioo.

"Unanuka nini?"

"Nimetoka Nshamba. Nimemtoa babu kwenye shimo."

Faruku hakuwasha gari. Aliweka mikono yote miwili kwenye usukani, na Safina akayaona malengelenge, matatu kila kiganja, mengine yamepasuka.

"Baba Mkubwa alisema wageni watataka kuzuru kaburi," alisema. "Ni desturi yao. Wangesoma lile jina, ingekuwa aibu kwako, siyo kwangu. Nilikuwa nakulinda. Mzee Yunus mwenyewe alikubali. Tungelirudisha baada ya harusi, Safina. Wallahi tungelirudisha."

"Kutoka kwenye matumbo ya kuku."

"Sikujua baba yako atalitupa wapi."

"Ulikuwepo."

Faruku alishusha pumzi kwa kuchoka, kama mtu anayesumbuliwa na mtoto. "Sikiliza. Hata yeye mwenyewe angekuwa hai asingekataa. Watu wale walikuwa wamezoea kutii."

Safina alimtazama huyu mwanamume aliyekuwa akimwazia watoto. Meno yake yalikuwa meupe, kola yake imepigwa pasi. Hakuona ubaya wowote usoni pake, na hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa amesema kitu ambacho kwake kilikuwa busara. Safina akafungua mlango akashuka.

"Usije kwetu," alisema.

Alitembea hadi Buhembe kwa miguu. Baba yake alikuwa uani akitia udhu kwa ajili ya magharibi. Safina alisimama mbele yake, matope yamekauka kwenye pindo la sketi.

"Harusi haipo," alisema. "Jiwe tumelirudisha mahali pake."

Yunus aliendelea kujimwagia maji mkononi mpaka kopo likaisha. "Wewe hujui," alisema hatimaye. "Nilipokuwa shule ya msingi walikuwa wananiita mzigo, kwa kuwa babu aliletwa na msafara. Mzigo, njoo hapa. Mzigo, beba madaftari. Hata mwalimu alikuwa anacheka. Nilitaka liishie kwangu. Nilitaka wewe uingie nyumba ambayo hakuna atakayekuuliza."

Safina alimwelewa. Aliiona picha ya yule mwanafunzi na kichwa chake kilichoinama, na akamhurumia. Lakini huruma ile haikuondoa kitu. Alipomwangalia baba yake aliona mikono iliyobeba kibao mpaka nyuma ya zizi, ikakisogeza ukingoni, ikakiachia. Alijua kwamba baba yake alikisikia kikitumbukia.

"Ulimwambia yule mzee asante," alisema. "Alinishika kama mbuzi wa mnadani, ukamwambia asante."

Mama yake alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Usiku ule hakumpakulia mumewe chakula, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao. Alimwonyesha sufuria, akaenda kulala.

Mahari waliyokuwa wameleta pamoja na posa ilirudishwa na wazee wa msikiti. Mji ukazungumza kama mji unavyozungumza. Wengine walimjia Safina kwa huruma, wakainamisha vichwa na kumwuliza kwa sauti ya chini, eti ni kweli? Huruma hiyo ilimkera kuliko matusi. Alikuwa akiwajibu, ndiyo, ni kweli, alinunuliwa kwa nguo Tabora, na aliwatazama wakitafuta pa kuweka macho. Mwalimu mwenzake mmoja alimshauri aseme tu kwamba babu yake alikuwa mpagazi. Kwamba mpagazi inasikika vizuri zaidi. Safina aliacha kunywa chai pamoja naye.

Faruku alituma ujumbe kwa wiki tatu, kisha akaacha. Kabla ya mwezi wa Ramadhani kwisha alikuwa ameposa Tanga.

Januari Safina aliomba uhamisho, akapata shule Muleba, akahamia kwa shangazi yake Nshamba. Kwa baba yake hakwenda. Akikutana naye alimwamkia, shikamoo, akapita. Hakukusudia kumwadhibu. Mwili wake ulikataa kuketi naye kwenye sahani moja, na hakuwa na la kuufanya.

Mwezi wa Aprili, mvua zikiwa kali, Shangazi Hairati alishikwa na malaria akazidiwa. Safina alimpigia simu mama yake, na mama akamwambia baba. Yunus alifika asubuhi na teksi. Hawakusemezana. Walimbeba mgonjwa kwa pamoja, yeye kichwani na Safina miguuni, wakiukinga ule mguu usiokunjika usigonge mlango, wakampeleka zahanati.

Pale dirishani karani alikuwa na daftari kubwa.

"Jina la mgonjwa?"

Safina alifungua mdomo, lakini baba yake alikuwa amekwisha kujibu. "Hairati."

"Hairati nani? Majina matatu."

Yunus aliangalia sakafu. Nyuma yao palikuwa na foleni, watu kama kumi na tano, wengi wao wa Nshamba.

"Hairati Ramadhani Saburi," alisema.

"Sabuli?"

"Saburi. Kwa r."

Karani aliandika, akachana karatasi, akampa. Yunus alisimama ameishika, hakujua aipeleke wapi. Safina akaichukua mkononi mwake bila kumgusa, akaisoma kuhakikisha herufi, kisha akaenda kukaa kwenye benchi la upande wa pili, karibu na mlango wa maabara, mahali anapoweza kumwona shangazi yake.